Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu na waini nyekundu za Italia

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni na wengine wote habari za siku. Naituma taarifa hii mapema ili kila mtu aisome kabla ya mkutano mkuu, maana mkutano uliopita ulikokota hadi usiku na wengine walikuwa na treni za kuwahi. Hesabu za hela atazisoma mweka hazina mwenyewe, mimi nataka kuongelea kazi tuliyofanya na yale tuliyojifunza, na kwa kweli tumejifunza mengi sana.

Mtakumbuka mliamua wenyewe kwamba tuache kurukaruka, leo waini hii kesho ile, mwaka mzima tukae kwenye waini nyekundu za jadi za hapa Italia na swali liwe moja tu, hii ladha inatoka wapi. Nilifurahi sana kwa uamuzi ule. Hizi waini tunaishi nazo, kuna wenzetu wanavuna zabibu Piemonte na Veneto kila msimu, kuna walioko jikoni kwenye mahoteli, kuna wanaolea wazee ambao bila glasi moja nyekundu chakula cha mchana hakijaisha, lakini ukituuliza mbona hii inakausha mdomo na ile haikaushi tulikuwa tunatazamana tu.

Kwa hiyo tulianzia hapo hapo, kwenye ukakasi. Ule ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na wataalamu wanauita tanini, ndo ile ile iliyoko kwenye chai ya rangi uliyoisahau jikoni majani yakakolea. Kitu ambacho wengi kiliwashangaza ni kwamba zabibu nyekundu karibu zote juisi yake haina rangi, ukiikamua haraka inatoka nyeupe, rangi na ukakasi vinaingia pale juisi inapokaa pamoja na maganda wakati inachachuka. Sasa mtengenezaji akiamua maganda yakae wiki moja au yakae mwezi mzima, hapo tayari ameshaamua sehemu kubwa ya ladha. Wazee wa vilima vya Langhe, huko Piemonte, walikuwa wanayaacha mwezi na zaidi, wanayagandamiza chini kwa mbao ili yasielee juu, na bado wapo wachache wanaofanya hivyo hivyo mpaka leo.

Cha pili ni uchachu, yaani ile asidi inayoleta mate mdomoni. Waini nyekundu za Italia nyingi zina uchachu mkubwa kuliko za nchi nyingine na ndo maana ukiinywa yenyewe tupu bila chakula unaweza ukaona kali, hata ukasusa. Hizi waini zimekua mezani pamoja na nyama na mafuta ya zeituni na jibini. Wale waliokuja kwenye chakula cha jioni cha kuchoma mbuzi walijionea, chupa ile ile ya waini ya zabibu ya Nebbiolo ambayo kabla ya kula watu walikunja sura, baada ya nyama na mafuta yake ikawa laini kabisa, kwa sababu tanini inashikana na protini ya nyama badala ya kushikana na mate yetu. Na nawashukuru sana wanachama wasiokunywa waliokuja kunusa tu na kuuliza maswali ya kilimo, maswali yao ndo yalikuwa mazuri kuliko yote, na ndoo ya kutemea itaendelea kuwepo kila mara hasa kwa wenye magari.

Nebbiolo ndo zabibu iliyotuchukua muda mrefu zaidi na nadhani ilistahili. Ni ya Piemonte, inachipua mapema halafu inaiva kwa kuchelewa, kawaida mpaka Oktoba, na ukiipanda popote tu haikubali, inataka mteremko unaotazama kusini upate jua la kutosha. Rangi yake ni nyepesi, mtu anaona glasi anafikiri hii itakuwa maji, kumbe ndani kuna ukakasi na uchachu vyote viwili kwa wingi, na harufu yake wanaoijua wanasema waridi na lami, na mkiinusa vizuri ni kweli, waridi na lami kabisa. Wenzetu wa kutoka Dodoma walisema jambo zuri hapa, kwamba kule nyumbani zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu haupati baridi ya kuulaza, wakati huku unalala miezi yote ya baridi halafu unazaa mara moja tu kwa mwaka, taratibu, na mwishoni usiku wa Septemba na Oktoba ukiwa wa baridi ile asidi haipotei na harufu zinabaki.

Sasa niseme kuhusu Barbaresco, na hapa mnisamehe nitakaa kidogo maana ndipo nilipopata jibu langu. Kijiji cha Barbaresco, ambacho waini yake ya Nebbiolo inaitwa kwa jina hilo hilo, kina ushirika wa wakulima unaitwa Produttori del Barbaresco. Ulianza mwaka 1894, Domizio Cavazza aliyekuwa mkuu wa chuo cha waini cha Alba aliwakusanya wakulima 9, wakawa wanatengeneza pamoja kwa jina la kijiji chao badala ya kuuza zabibu zao ziishie kwenye Barolo, waini ya vijiji jirani. Wakati wa ufashisti ukafungwa. Mwaka 1958 padre wa kijiji akaona vijana wanaondoka na familia haziwezi kuishi kwa mashamba madogo, akawakusanya wakulima 19 wakaanza upya, na mavuno matatu ya kwanza waliyatengenezea chini ya kanisa. Leo ni wanachama zaidi ya 50, na sharti ni kwamba Nebbiolo yako yote unaileta kwenye ushirika, huwezi kuficha ile nzuri ukauze pembeni. Mimi kama mwenyekiti wa chama sharti hilo nalipenda sana.

Lakini jambo la ladha ni hili. Miaka ambayo mavuno ni mazuri sana ushirika huo unatoa chupa 9 tofauti, kila moja kutoka kilima chake, Asili, Rabajà, Pora, Ovello, Montestefano na vingine. Zabibu ni ile ile Nebbiolo peke yake, kiwanda kile kile, mikono ile ile, mapipa makubwa ya aina moja, muda ule ule wa kukaa. Yaani kila kitu kingine ni sawa, inayotofautiana ni ardhi tu. Na bado Asili inakuja laini na harufu ya maua, Montestefano inakuja na misuli inataka miaka. Tulipoziweka hizo mbili pamoja mezani hakuna aliyezichanganya, hata aliyeanza kunywa waini mwaka huu. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya udongo ni hadithi za wauzaji, mletee hizo glasi mbili anyamaze.

Ukienda Barolo, ambayo sio mbali kabisa, ni hivyo hivyo. Upande wa La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa, wa kijivu na bluu, na waini inakuwa na harufu wazi na inalainika mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, kuna mawe ya mchanga zaidi, ardhi ni maskini na ngumu, waini inatoka na ukakasi mzito na inahitaji subira. Sheria ya Barolo inasema ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na kati ya hiyo 18 iwe kwenye mbao. Barbaresco ni miezi 26 na 9 kwenye mbao.

Na mbao zenyewe ndo ziliwagombanisha watu. Kwa jadi wanatumia pipa kubwa sana la mwaloni, mengi mbao zake zinatoka Slavonia huko Kroatia, linabeba maelfu ya lita na linatumika miaka mingi mpaka linakuwa halina ladha yake tena ya kutoa. Kazi yake ni kuruhusu hewa kidogo kidogo, tanini zinaungana zinakuwa ndefu, nyingine zinazama chini, waini inalainika bila kupewa harufu ya kitu kingine. Miaka ya 1980 watengenezaji vijana wakaleta pipa dogo la Kifaransa la lita 225, jipya, linatoa vanila na moshi, na maganda wakayapunguzia siku, waini ikawa nyeusi na laini na inanyweka mapema. Mmoja wao, Elio Altare wa La Morra, mwaka 1983 alichukua msumeno wa injini akayakata mapipa ya baba yake, na baba yake akamnyima urithi. Upande wa pili watengenezaji wa jadi akina Bartolo Mascarello walikataa kubadilika mpaka mwisho, wakaendelea na pipa kubwa na kuchanganya zabibu za vilima mbalimbali kama baba zao walivyofanya. Nawaheshimu wote, na haki isemwe, wale vijana walileta usafi kwenye viwanda na wakaanza kupunguza vichala shambani ili vinavyobaki viive vizuri, hayo yamesaidia kila mtu. Ila kwa maoni yangu pipa jipya dogo likizidi linafunika kilima, unakunywa mbao, na chama hiki kikinunua chupa kwa hela za wanachama naomba tununue zile ambazo kilima kinasikika.

Toscana tulijifunza somo lingine, kwamba hata karatasi ya serikali inabadilisha ladha. Zabibu ya kule ni Sangiovese, ina uchachu mkubwa na harufu ya cheri na majani makavu. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye mashamba wa huko, aliandika jinsi ya kuchanganya Chianti, waini nyekundu ya kule, Sangiovese iwe ndo msingi, Canaiolo ya kulainisha, na zabibu nyeupe ya Malvasia kwa waini ya kunywa mapema tu, yaani ile ya kutunza alisema afadhali isiwekwe. Ikaja sheria ya 1967 ikalazimisha zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30. Fikirieni, mkulima mwenye Sangiovese nzuri analazimishwa aichanganye na nyeupe! Waini ikawa nyepesi, jina likaporomoka, na wakati huo huo mfumo wa zamani wa kulima nusu kwa nusu na mwenye ardhi ulikuwa umevunjika, watu wameshakimbilia viwandani. Ilichukua miaka mingi kurekebisha, leo Chianti Classico, yaani ile ya eneo la asili la Chianti, inatakiwa iwe na Sangiovese angalau asilimia 80 na zabibu nyeupe zimepigwa marufuku tangu mavuno ya 2006. Jirani zao wa Montalcino walishikilia Sangiovese peke yake kwenye waini yao ya Brunello, na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno.

Wanachama wetu wa Verona ndo walitufundisha habari ya Amarone, waini nzito ya kwao, na hii sio udongo wala pipa, ni kukausha. Wanachuna zabibu za Corvina na Rondinella na nyinginezo, wanachagua vichala vilivyoachana ili hewa ipite, wanavilaza juu ya vichanja kwenye ghala lenye upepo, zamani vichanja vya matete na sasa hivi mara nyingi kreti, zinakaa miezi mitatu hivi au zaidi mpaka uzito umepungua kama theluthi. Kawaida hairuhusiwi kuzikamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Maji yanapotoka sukari inabaki imejaa, ndo maana kilevi kinaanzia asilimia 14 na nyingi zinapita 15. Wenzetu waliofanya kazi kwenye maghala hayo walisema kila siku wanapita kutoa punje zinazooza, moja ikioza inaharibu kreti nzima. Ni kazi ya macho na pua, na bei ya ile chupa ukiijua kazi yake huishangai.

Kusini tumegusa kidogo tu na hilo nalisema wazi, muda haukutosha. Zabibu ya Aglianico ya eneo la Taurasi huko Campania inaiva kwa kuchelewa mno, wakati mwingine mpaka Novemba, kwenye milima, na sheria inataka waini yake ikae miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Etna kule Sicilia mizabibu ya Nerello Mascalese inapanda mpaka karibu mita 1000 kwenye mchanga mweusi wa volkano, na kwa vile yule mdudu wa filoksera aliyemaliza mashamba ya Ulaya karne ya 19 haishi vizuri kwenye mchanga, kuna mizabibu ya zaidi ya miaka 100 ambayo bado ipo kwenye mizizi yake yenyewe. Mchana jua kali, usiku baridi, waini inatoka nyepesi ya rangi na yenye uchachu, mtu akifumbwa macho anaweza akadhani yuko Langhe.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Miteremko ile inayotazama kusini ambayo mababu waliipigania kwa ajili ya jua, sasa miaka ya joto kama 2017 na 2022 inaunguza zabibu, sukari inapanda haraka na asidi inashuka kabla mbegu hazijaiva. Wavunaji wetu wameliona kwa macho, mavuno yanasogea mbele. Ladha hizi tunazozisifia zilijengwa na vuli ndefu ya baridi, na vuli yenyewe inafupika.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. Moja, mwaka mzima uwe wa kusini, Taurasi, Vulture ya Basilicata na Etna, na tuanze na Taurasi kwa sababu bei yake kwa ubora wake inatufaa. Mbili, sehemu ya ada iende kwenye nauli za wanachama waliopo mbali ili wale wa Bari na Palermo nao wafike, wamekosa vikao vingi sio kwa kutaka. Pendekezo la pili litagusa kiwango cha ada kwa hiyo linahitaji kura, na kura tutapiga mara tu mweka hazina akimaliza kusoma hesabu, kabla ya chupa yoyote kufunguliwa.