Kuonewa shuleni si utani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma. Mwezi uliopita mwanangu wa kidato cha kwanza alirudi nyumbani hapa Kirumba shati halina vifungo vitatu, madaftari yameloa chapachapa. Akasema ameanguka. Kuanzia hapo kila asubuhi tumbo linamuuma, ila Jumamosi haliumi. Kumbe wavulana wakubwa walikuwa wanamvizia njiani, wanamnyang'anya nauli ya daladala na kumwita "Dagaa" kwa kuwa mimi nauza dagaa Mwaloni.

Mwalimu niliyemfuata alinijibu, "Mama, hao ni watoto, wanataniana tu." Utani tunaujua, Mhariri. Kwenye utani wanacheka wote wawili.

Mtoto anayeonewa hukosa usingizi, hushuka darasani, na wengine huacha shule kabisa. Na huyo anayeonea? Mara nyingi naye kwao anaishi kwa kipigo. Sisemi aachwe, nasema aitwe na mzazi wake, aulizwe kuna nini.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na namba 116 ya kutoa taarifa hupigwa bure. Nawaomba walimu waibandike kila darasa, na mmoja wao asimame kituoni saa ya kutoka, maana huko ndiko wanakoumizwa.

Wangu amerudi shule. Dada yake anamsindikiza hadi getini, na nauli yake ameificha ndani ya soksi.

Mama wa watoto watatu,
Kirumba, Mwanza