Laini za shaba zikizimwa, msiangalie simu ya mezani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenye biashara kuhusu hii ishu ya laini za simu za waya wa shaba kuzimwa. Nchi nyingi washaanza, Uingereza walisema Desemba 2025 wakaisogeza mpaka Januari 2027, Ufaransa wanataka kumaliza shaba 2030, na bado kila siku nakutana na bosi ananiambia "ah sisi tunatumia simu za mkononi, haituhusu".

Inawahusu jamani. Mi kazi yangu kufunga simu maofisini na nikiingia kwenye jengo simu ya mezani ndo naiangalia mwisho, naanza na lifti. Kile kitufe cha dharura mara nyingi kimeungwa kwenye laini ya shaba ambayo hata meneja haijui, bili tu inalipwa kila mwezi. Halafu king'ora cha wezi, cha moto, faksi, geti, zile mashine za kadi za zamani. Kuna jengo moja walihamia fiba, yaani simu zinapita kwenye waya wa intaneti badala ya shaba, zikawa fresh kabisa, wiki mbili baadaye fundi wa lifti akaja kukagua ndo ikajulikana kitufe hakipigi popote, na siku zote hizo watu wanapanda na kushuka. Mpaka leo linaniuma.

Na umeme. Laini ya shaba inakuja na umeme wake kutoka kituo cha simu, kama volti 48 hivi, ndo maana hata umeme ukikatika ile simu ya waya inaita. Fiba haina hiyo, ruta ikizima na simu imekufa. Wekeni betri ya akiba halafu siku moja zimeni swichi kubwa makusudi muone nini kinabaki hai.

Chukueni bili zote za simu, kila namba mnayolipia fuateni waya wake mpaka mjue umeishia wapi. Namba ya biashara ihamishwe kwanza, msikate laini kabla, mnaweza kuipoteza na ndo wateja wanayoijua miaka yote. Na mafundi wa lifti na ving'ora waiteni sasa hivi, wao ndo wanajua kama kifaa kitakubali adapta ya kukiunga kwenye ruta au kinataka kubadilishwa kiwekwe cha kutumia laini ya simu ya mkononi, mwezi wa mwisho kila mtu atakuwa anawatafuta hamtawapata.

Ni mimi,
Fundi simu