Zege linalojiziba nyufa bado linataka kumwagiliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie zege linalojiziba nyufa lenyewe, maana wapo wanaolipokea kama dawa ya kila jengo bovu.

Teknolojia hiyo ni ya kweli, na mimi naishangilia. Mwaka 2006 Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, alianza kuchanganya kwenye zege bakteria wa jamii ya Bacillus pamoja na chakula chao. Bakteria hao hulala humo miaka mingi. Zege likipasuka na maji yakapenya, huamka, hula, na kutengeneza mawe ya chokaa yanayoziba ufa. Lakini ni ufa mwembamba, wa milimita 0.8 hivi. Ule wa msingi uliotitia, unaoingiza kidole, hawauwezi.

Hata zege letu la kawaida hujiziba kidogo. Ndani yake hubaki chembe za saruji ambazo hazikupata maji; ufa mwembamba kama unywele ukipitisha maji, chembe hizo huanza kazi upya.

Kwetu pwani kinachoua majengo ni chumvi. Ikifika kwenye nondo, chuma hushika kutu, kutu huvimba na kulibandua zege. Tazama nguzo za nyumba zilizo karibu na bahari: ufa umesimama wima ukifuata nondo, pembeni una michirizi ya kahawia, na chini vipande vimeshadondoka. Mara nyingi ubovu huo ulianza siku ya kumwaga zege. Nondo ziligusa ubao unaoshikilia zege bichi, mchanga ulitoka ufukweni bila kuoshwa, maji yakazidishwa ili zege liteleze, kesho yake slabu ikaachwa juani. Zege la saruji ya kawaida litunzwe na unyevu angalau siku 7, kwa magunia yaliyoloweshwa na mpira wa maji. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya zege la bakteria, ambalo kwa sasa ningelitaka kwenye magati na matangi ya maji.

Wakaguzi wa halmashauri wasiishie kwenye ramani na kibali. Wafike siku ya kumwaga zege, warudi ndani ya wiki ileile kuona kama linamwagiliwa. Mwenye nyumba naye amuulize fundi, kabla ya kumwaga, nondo ziko umbali gani kutoka kwenye ubao.

Msomaji wako,
Tanga