Mjomba, umeuliza kwao ni wapi

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumai goti limepoa na kwamba unatembea japo mpaka barazani.

Mwanangu alipokupigia simu juzi kukupa habari ya mchumba wake, alikuwa jikoni kwangu, simu ipo mezani, ameweka spika. Nilisikia kila neno. Ulifurahi, ukamwombea heri, kisha ukauliza, "Kwao ni wapi?" Akakujibu: Macon, hapa hapa Georgia. Ukasema, "La, nauliza kwao hasa." Mtoto akarudia, Macon. Ukanyamaza. Halafu ukasema, "Kumbe ni wale," ukimaanisha Wamarekani weusi.

Sikuingilia. Wewe ndiye uliyeuza kiwanja ili nipate nauli ya kuja huku, na tangu siku hiyo sijawahi kukubishia neno. Ninaiweka barua hii mahali ambapo kila mtu ataisoma kwa sababu swali lako linaulizwa katika nyumba nyingi za Wakenya hapa Marietta, Marekani, na mimi mwenyewe nimewahi kuliuliza.

Unaukumbuka usiku ule wa tarehe 4 Novemba 2008? Huku ilikuwa saa tano za usiku, huko Mombasa saa moja asubuhi ya Jumatano. Nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ulinipigia dakika chache tu baada ya televisheni kutangaza kwamba Obama ameshinda. Nyuma yako nilisikia honi za matatu na watu wakipiga vigelegele. Ulikuwa unalia, Mjomba, na mimi sikuwahi kukusikia ukilia hata siku ya mazishi ya mama yako. "Mtoto wetu!" ulisema. "Mtoto wa Kogelo!" Alhamisi yake Rais Kibaki akaipa nchi nzima mapumziko.

Kisha ukaongeza neno ambalo huenda umelisahau. Ulisema, "Sasa hao weusi wa huko waache kulalamika. Mtu wetu amefika juzi tu na ameshawapita." Nami nikajibu, "Ni kweli, Mjomba." Nilijibu nikiwa kwenye ukumbi, karibu na mlango wazi wa chumba cha bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Aliisikia sauti yangu, Kiswahili hakukielewa. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hakukielewa.

Bibi huyo alikuwa na miaka 85. Nilikuwa nikimwogesha kila jioni, na mtu unayemwogesha hukuambia mambo. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana alikwenda kujiandikisha kupiga kura, karani akampa maswali ya sheria ambayo hata karani mwenyewe asingeyajibu. Akarudi nyumbani. Hakwenda tena mpaka baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, akiwa mama wa watoto wanne. Mwaka ule wa 2008 alipiga kura yake kwa posta, na bahasha niliitia sandukuni mimi.

Nilipoingia chumbani baada ya kuagana nawe, McCain, mpinzani wa Obama, alikuwa anakubali kushindwa, akisema kwa heshima kwamba anaelewa usiku ule una maana ya pekee kwa Wamarekani weusi. Bibi hakulia. Obama alipotokea jukwaani Chicago na wanawe wawili, bado hakulia. Alilia alipomtazama Michelle. Alinishika mkono akasema, "Mwangalie yule. Mwangalie." Nikamuuliza, mbona yule na si mumewe? Akaniambia, "Mume ni wenu pia, najua. Yule ametoka kwetu."

Nilikuwa nimeishi Marekani miaka sita bila kulifikiria jambo hilo hata mara moja. Sisi tulimpenda Barack kwa kuwa tuliweza kusema kwao ni wapi. Tulikuwa na kijiji cha baba yake, Kogelo, nyanya yake, Mama Sarah, na kaburi la baba. Michelle hatukumuuliza. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa katika shamba la mpunga South Carolina. Mumewe mwenyewe alilisema hadharani Philadelphia, mwezi Machi mwaka ule ule, kwamba amemwoa mwanamke aliyebeba damu ya watumwa na damu ya waliowamiliki. Na Agosti 2006 alikuwa amempeleka Kogelo, Mama Sarah akampokea. Picha ya siku hiyo uliikata gazetini ukaibandika dukani kwako. Yule uliyembandika ukutani, Mjomba, ni mmoja wa "wale".

Swali la kwao ni wapi linaniogopesha kwa sababu nyingine pia. Januari 2008, baada ya uchaguzi wetu wa Kenya, liliulizwa vizuizini kule Bonde la Ufa. Vijana walitaka vitambulisho, wakasoma jina, wakaamua. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile, na wewe ulimficha jirani yako nyuma ya magunia ya mchele siku tatu. Hukumuuliza kwao. Ulijua ni wapi na hukujali.

Sasa niseme lile ambalo nyumbani kwetu halisemwi.

Kila siku ukitoka Kisauni kwenda mjini unapita Kengeleni. Kengele ile ni ya Frere Town, makazi ya mwaka 1875 ya watu waliookolewa majahazini wakipelekwa kuuzwa. Ilipigwa kuwaonya kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja kuwachukua tena. Wayao, Wanyasa, Wamakua, watoto kwa wakubwa, wengi hawakuiona tena nchi yao. Bibi yake mama yako alikuwa mmoja wao. Mama yako aliniambia mimi, nikimsuka nywele, na akaniomba nisiseme mbele za watu. Alisema shuleni walikuwa wakimuuliza kwao ni wapi ili wacheke. Kwa hiyo nimevunja ahadi, naomba radhi kwake na kwako. Lakini nisingeweza kukueleza kosa la swali lako bila kukuonyesha ni nani mwingine aliyeumizwa nalo.

Binti huyu ni muuguzi, mpole, anacheka kwa sauti kubwa kama shangazi zetu. Jamaa zake wamefuatilia majina ya ukoo wao mpaka sensa ya mwaka 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Nyuma ya hapo hakuna jina, kuna hesabu ya vichwa tu. Ukimuuliza kwao hasa, atakuonyesha karatasi hiyo na kidole chake kitakoma pale pale ambapo kidole cha mama yako kingekoma.

Watatua Mombasa tarehe 18 Desemba na ndege ya mchana. Nimemsimulia habari za kengele, naye ameomba kuiona kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya bahari. Nimemwambia kwamba babu wa mume wake mtarajiwa ndiye atakayempeleka, goti likikubali.

Mpwa wako,
Marietta