Filamu ya Jumamosi: Valhalla

Habari za jioni wadau. Jumamosi saa 1 usiku tunaangalia Valhalla, katuni ya Denmark ya mwaka 1986 iliyoongozwa na Peter Madsen. Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia wa kale, anafikia kwa wakulima, anachinja mbuzi wanaokokota gari lake, watu wanakula, ila marufuku kuvunja mfupa, maana asubuhi mbuzi wanafufuka. Sasa Tjalfe, kijana wa nyumba ile, si akapasua mfupa mmoja anyonye uboho! Mbuzi kaamka anachechemea. Hapo ndipo safari ya Tjalfe na dada yake Røskva kwenda kwa miungu inapoanzia. Mashindano na majitu huko Utgard ndiyo utamu wenyewe. Wazazi, njooni na watoto. Vinywaji kila mtu ajitegemee. Nani ana spika? Yangu inakoroma.