Tusipande mkoko kila mahali

Mhariri,

Nimesoma habari za kampeni za kupanda mikoko pwani yetu. Nia ni njema, lakini mara nyingi hupandwa aina moja tu, ile iitwayo mkoko hasa, kwa kuwa mche wake mrefu ni rahisi kuuchomeka topeni.

Msitu wa mikoko una miti ya aina kadhaa, nayo haikujipanga ovyo. Mlilana husimama mbele baharini, mizizi yake ikichomoza juu ya tope kuvuta hewa. Mchu hutoa chumvi kwenye majani. Ukilamba jani lake utaionja. Mkandaa ni wa ukoo mmoja na mkoko, hata hivyo hukaa nyuma, kwenye ardhi ngumu. Undugu peke yake hauamui mti uote wapi.

Naomba idara za misitu ziwaulize kwanza wakataji boriti na wavuvi wazee, wanaojua kila mti na maji yake.

Msomaji wako,
Pangani