Barua ya mwisho wa muhula: mambo ambayo redio haisemi

Wazazi wetu wapendwa, hamjambo huko nyumbani.

Muhula umeisha salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti watoto wanazo, mwenye balansi ya karo anajijua, aje ofisini tuongee kabla ya kufungua na sio siku yenyewe maana siku hiyo foleni inafika getini.

Ninachotaka kuwaambia hasa ni hii projekti ya S2, yaani wale wa kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia aliwaambia watafute jambo kubwa la dunia ambalo halisikiki kwenye habari, halafu waje mbele ya shule waseme wao wanalionaje. Nikafikiri wataleta mambo ya mpira. Kumbe!

Kundi la kwanza walileta Sudan. Vita vilianza Aprili 2023, jeshi la Jenerali Burhan na wale wanamgambo wa RSF wa Hemedti, watu zaidi ya milioni 10 wamekimbia makwao na wengine wako hapa hapa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, basi binti mmoja akauliza mbona miji ya Ukraine tunaijua kwa majina na Sudan iliyo karibu hivi hatuijui? Mwalimu wa historia akajaribu kujibu, wakambana tena.

Wengine wakaja na Warohingya, Waislamu walio wachache Myanmar, zaidi ya laki saba waliokimbia Myanmar kuanzia Agosti 2017, wako Cox's Bazar huko Bangladesh kwenye vibanda vya mianzi na turubai na kazi rasmi hawaruhusiwi. Hapo mabishano yakawaka. Kijana akasema sheria yetu ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kambini anapewa kipande cha kulima, kwa hiyo Uganda tusifiwe, mwenzake akamrudi eti sifa haziliwi, wakimbizi tunao zaidi ya milioni moja na nusu na chakula cha msaada kinazidi kukatwa, dunia inapiga makofi halafu inaenda zake. Huyo ningempa maksi zote.

Lakini kilichonishika mimi ni mto wetu Nyamwamba hapa Kasese. Walileta mchanga kwenye chupa ya soda iliyokatwa shingo, wa manjano-manjano wenye kama kutu, wameuchota ukingoni kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe. Ule mgodi wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabaki yakaachwa kandokando ya mto, yana shaba na kobalti ndani yake, na mto ukifurika kama Mei 2013 na Mei 2020 unayakwangua unashuka nayo huko chini watu wanakochota maji. Dunia inaililia kobalti kwa betri za simu na magari ya umeme, wakasema, na sisi inatufuata mpaka kwenye jerikeni. Wakagusia na barafu ya Rwenzori, mwaka 1906 ilikuwa kwenye milima sita, leo mnaona wenyewe ilivyopungua, asubuhi wingu likiondoka.

Sasa, wazazi wawili watatu walinipigia simu wanauliza kwa nini tunawafundisha watoto siasa. Jamani, hakuna aliyetaja chama wala mbunge. Mtoto akiuliza maji anayokunywa yana nini ndani, hilo ni swali la halali kabisa, na mtaala huu mpya ulioanza 2020 unataka wafanye utafiti, sio kukariri tu. Kwa hiyo likizo hii akianza maswali yake jioni msimfukuze jikoni, mjibuni mnachojua.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyefanya kazi mgodini Kilembe kabla haujafungwa, S2 wanamtaka aje awasimulie taka zilikuwa zinamwagwa wapi na kwa nini pale. Apange na mwalimu wa jiografia, nauli ya boda kwenda na kurudi italipwa na shule.

Likizo njema,
Hedimasta wenu